Ramani Isemayo Nusu

Msomaji, ramani yaweza kusema kweli na bado ikaficha jambo. Itazame ile ionyeshayo umeme wa upepo wa Ziwa Turkana kwa nukta moja tu. Nukta haisemi uongo: mitambo 365 ilisimamishwa huko Marsabit hadi mwaka 2017. Lakini ilikaa bure mpaka mwaka 2018, kwa kuwa nyaya za kufikisha umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, hazikuwa tayari. Tena, mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha sheria. Mwandishi mwaminifu huchora nukta, nyaya na malisho pamoja. Basi kila uonapo ramani, iulize: umeme huu wamfikia nani, na ardhi ni ya nani?