Paladini Aliyeanguka

Kuna mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akiigiza mhusika wake katika hadithi ya kubuni. Mmoja wao ni mwamuzi, na mambo yenye mashaka huamuliwa kwa kurusha kete. Miaka ya 1980 Wakristo wengi wa huko waliupinga. Hapa hatuuhukumu mchezo wenyewe. Tunapima kanuni chache za kitabu chake cha mwaka 1978, zinazomhusu paladini, yaani askari mtakatifu.

Paladini huponya kwa kuwekea watu mikono, lakini amefungwa na kiapo. Hajilimbikizii mali, na lazima atoe fungu la kumi la mapato yote. Tena fungu hilo liende kwa taasisi ya dini yenye kutenda hisani, wala si kwa kuhani anayeigizwa na mchezaji mwenzake. Kwa nini? Bila shaka mtungaji aliwajua wanadamu: fedha ingetoka mkono huu jioni, na kabla ya usiku ingekuwa imerudi katika mfuko uleule wa kundi. Hapo kanuni ni nzuri, maana inalinda maskini na moyo wa mtoaji. Anayeuliza tu inaishia wapi ameshaanza kutafuta upenyo.

Sasa tuje kwenye kuanguka. Paladini aliyevunja utaratibu aweza kuungama kwa kuhani wa ngazi ya juu na kutimiza toba aliyopangiwa. Lakini akitenda uovu kwa kujua na kwa hiari, hupoteza hadhi yake papo hapo, wala hairudi kamwe. Mabishano mengi huanzia hapa. Akidanganywa akampiga asiye na hatia, je, ameanguka? Tukiyasoma maneno yenyewe, hapana, kwa kuwa hakujua. Mwamuzi anayemwekea mtego ili amvue hadhi ameigeuza kanuni ya kulinda utakatifu kuwa silaha ya kumwangusha mwenzake.

Hata ikisomwa kwa haki, kanuni hii ina kasoro. Petro alijua alichokisema alipomkana Bwana mara tatu, na bado alikabidhiwa kondoo. Mchezo waweza kuwa na mlango usiofunguka tena, Kanisa haliwezi.

Na sisi je? Ndugu aliyetengwa hutubu mbele ya usharika, akarudishwa kundini, tukamshika mkono na kuimba. Miaka inapita. Siku jina lake linapotajwa kwa uzee wa kanisa, tunatazamana na kunong'ona. Kitabu cha usharika kimemrudisha. Ndimi zetu bado zinamshikilia nje. Kabla hatujacheka kanuni za mchezo, tuulizane: ni kitabu gani tunachofuata?