Msuli, Mshipa na Kano: Uhakiki wa Jina la Msuli wa Ndani wa Shingo

Mfasiri atafutaye jina la kiungo cha mwili hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kushika kalamu: atakayelisikia neno hili atapeleka mkono wapi? Katika makala haya twapenda kulitumia swali hilo kuzipima tafsiri mbili za jina la msuli ulio ndani ya shingo, ambao wataalamu huuita kwa Kilatini longus colli. Ya kwanza ni "mshipa wa shingo". Ya pili ni "msuli mrefu wa shingo". Zote mbili, kwa maoni yetu, zina kasoro, ingawa si kasoro za aina moja.

Yafaa kwanza tukieleze kitu chenyewe, maana istilahi haiwezi kuupita ufahamu wa mwenye kuiunda. Shingo ya binadamu ina pingili 7. Msuli huu umelala juu ya uso wa mbele wa pingili hizo, nyuma ya koo na umio, mmoja kulia na mmoja kushoto. Kila mmoja una sehemu 3: ya wima, ya mshazari ya juu na ya mshazari ya chini. Sehemu hizo kwa jumla huanzia pingili ya kwanza ya shingo na kushuka hadi pingili ya tatu ya kifua. Kazi yake ni kuinamisha shingo mbele, na kusaidia kuipinda upande na kuigeuza. Lakini iliyo kubwa ni kuzihimili pingili zisipinde kupita kiasi kwa uzito wa kichwa na kwa mvuto wa misuli ya nyuma ya shingo. Misuli ya mbele na ya nyuma ni mfano wa kamba mbili zinazosimamisha nguzo: ukiilegeza moja, nguzo huelemea upande wa pili.

Sasa tumchukue mkulima wa mpunga wa Madibira, katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Wakati wa kupandikiza miche huinama majini kutwa. Wakati wa mavuno hujitwika mzigo. Kichwa chenyewe, kabla ya mzigo, kina uzito upatao kilo 4 hadi 5. Shingo ikimwuma akaenda zahanati, akaambiwa kwamba "mshipa wa shingo" umevutika, atafahamu nini? Pengine mshipa wa damu, akaogopa kutokwa na damu. Pengine mshipa wa fahamu, akaogopa kupooza. Tena mshipa ni jina la maradhi pia, yaani ngiri, nayo haihusiani kabisa na shingo.

Wako watakaosema kwamba hilo ndilo neno la watu, nasi tusiwafundishe watu lugha yao. Hoja hiyo ina uzito, na katika mazungumzo ya nyumbani hatuipingi. Wako pia watakaosema kwamba "msuli" nalo ni neno la utata, kwa kuwa ni nguo wanayojifunga wanaume kiunoni. Tofauti ni kwamba nguo na nyama haziwezi kuchanganywa na mgonjwa yeyote, ilhali maana zote za "mshipa" hukutana katika mwili uleule, na mara nyingine katika shingo ileile. Utata wa namna hiyo hauondolewi na muktadha.

Tafsiri ya pili ni ya mtu msomi zaidi: imefuata Kilatini neno kwa neno. Hata hivyo, ukimwambia mkulima wetu "msuli mrefu wa shingo", mkono wake utakwenda kwenye msuli mnene unaotoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua, ule unaoonekana mtu anapogeuza kichwa. Huo siwo. Tunaouzungumzia hauonekani wala haushikiki kwa nje kwa urahisi. Aidha, Kilatini kina msuli mwingine "mrefu" jirani na huu, upandao hadi chini ya fuvu, na kina misuli ya mgongoni iitwayo "mirefu kabisa". Wataalamu hawapotei, kwa sababu wana orodha nzima mbele yao. Msomaji wa karatasi ya zahanati analo jina moja tu.

Hili si jambo la kubishania mezani tu. Tangu mwaka 1964 umeelezwa ugonjwa ambao chembechembe za chokaa hujikusanya katika kano za msuli huu na kuzivimbisha. Shingo hukakamaa, na mgonjwa huumia anapomeza. Dalili hizo hufanana na za jipu lililo nyuma ya koo, ambalo ni hatari na huenda likahitaji kupasuliwa. Kumbe ugonjwa wenyewe kwa kawaida hupoa kwa dawa za kutuliza uvimbe. Jina lisemalo mahali pa msuli humwonyesha mwanafunzi wa uganga kwa nini maumivu ya shingo yanaweza kuwa maumivu ya kumeza. "Mrefu" halimwambii lolote kuhusu hilo.

Kwa hiyo twapendekeza kundi lipewe jina kwanza. Misuli hii ni ya aina 4, nayo yote ingeitwa "misuli ya mbele ya pingili". Ndani ya kundi hilo, huu uwe "msuli mrefu wa shingo", na jirani yake "msuli mrefu wa kichwa". Kwa mgonjwa, jina la kundi latosha. "Kano" libaki kwa kile kinachoshikiza msuli mfupani, na "mshipa" lisitumiwe bila kuongezewa "wa damu" au "wa fahamu".

Jina hilo la kundi ni refu, twakiri. Mwenye kupata fupi zaidi, litakaloupeleka mkono wa mkulima mahali palepale, na alilete. Tutaliacha letu bila kinyongo.