Upepo Unaofuata Saa: Mwindaji wa Kericho Alivyopiga Hesabu

Alfajiri isiyo na mawingu, baridi inayokupiga usoni ukiwa Kericho inatoka mashariki, kwenye msitu wa Mau. Hewa iliyopoa usiku kucha ni nzito, nayo huteremka na mabonde ya Itare na Kiptiget kuelekea magharibi. Jua likipanda mambo hugeuka. Miteremko hupata joto, hewa huanza kupanda, na kufikia mchana upepo wa Ziwa Victoria umeshaingia kutoka upande wa pili. Unapokumbana na pepo kuu zitokazo mashariki, mawingu hufura, na ndiyo sababu Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa zaidi na mvua ya mawe duniani. Miaka ya 1960 wenye mashamba ya chai walifika hatua ya kuyarushia mawingu hayo roketi.

Mwenye chai aliuogopa upepo huo. Mwindaji aliufanya ratiba. Nasema hivyo kwa wakati uliopita kwa sababu Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haimwachi hata anayetafuta kitoweo tu. Ninaouchambua hapa ni ufundi wa zamani, wa Waogiek wa Mau na majirani zao Wakipsigis.

Kila mwindaji anajua kwamba paa hunusa kabla hajaona, kwa hiyo ni lazima upepo utoke kwa mnyama uje kwako. Ugumu wa Kericho na Bomet ni kwamba njia iliyo salama saa kumi na mbili asubuhi inakusaliti saa tano. Asubuhi uliingia bondeni kutoka chini, ukapanda na mto huku uso umeuelekeza Mau, na mlio wa maji ukafunika nyayo zako. Ukichelewa, jua linaanza kuipandisha harufu yako bondeni, inakutangulia, na paa anaondoka hata hujamwona mkia. Aliyejua kazi alikuwa ameshamaliza kufikia hapo, au alizunguka mbali akatokea juu ya bonde, ili alasiri ateremke akikabili upepo wa ziwa.

Katikati kuna kipindi kibaya kuliko vyote, pale upepo wa asubuhi umekufa na wa mchana haujashika. Hewa huzungukazunguka bila mwelekeo. Kwa maoni yangu, subira ya kipindi hicho ilikuwa na thamani kuliko shabaha: unakaa chini, hugusi kitu, husogei.

Kipimo kilikuwa jivu kavu kidogo au vumbi. Unaliachia kwenye usawa wa bega, unalitazama linakokwenda, kisha unarudia kwenye usawa wa goti. Chai ilipoenea kuanzia miaka ya 1920, kipimo cha goti kilizidi umuhimu. Michai iliyokatwa sawasawa juu ni kama paa la nyumba: upepo hupita juu yake, huku chini, kati ya mashina, hewa imetulia na harufu inakawia. Jivu la bega linakwenda kulia. La goti linadondoka palepale. Anayepima begani pekee hudanganyika, kwa kuwa pua ya mnyama mdogo iko huko chini.

Wakiwa wengi, upepo huohuo uligeuzwa fimbo. Wasakaji waliingia kichakani kutoka upande unakotoka upepo, wakaiacha harufu yao iwatangulie na kumsukuma mnyama kuelekea kwa wenzao waliojificha upande wa pili. Harufu ya hao waliojificha ilipeperushwa nyuma yao, mbali na kichaka. Mbwa naye alitaka kinyume cha wasakaji: aingizwe akiukabili upepo, maana bila hivyo pua yake haina kazi.

Kwa kwale na kanga hesabu ni nyingine kabisa. Ndege hao hawategemei pua, wanategemea macho na masikio, kwa hiyo upepo mkali ulifaa kwa kelele zake. Tena kanga akishtuka hupenda kuruka akiukabili upepo, ndipo apate kunyanyuka upesi. Mwenye rungu alisimama mbele yake, upande unakotoka upepo, siyo nyuma.

Perere, yule pimbi wa mitini, hakuhitaji lolote kati ya haya. Mchana analala ndani ya uwazi wa mti, na usiku anapiga ukelele unaofichua alipo.