Kengele shingoni mwa mbwa asiyebweka

Hapa Iyula, mbwa asiyebweka usiku anakula ukoko wa bure. Kahawa imeanikwa uani, mgeni anapita, yeye kimya! Basenji, mbwa wa mawindo wa misitu ya Kongo, angefukuzwa wiki ya kwanza. Habweki. Akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtoto anayejifunza kupiga vigelegele. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu “washenzi”, matusi ambayo mbwa hana habari nayo.

Kimya hicho ndicho kilichozaa kengele. Mwindaji akishampoteza kichakani hana sauti ya kumfuata, kwa hiyo humvisha shingoni kengele ya mti iliyochongwa ikawa wazi ndani. Mlio wa kengele humwonyesha mwindaji mbwa alipo, na humkurupusha mnyama kuelekea nyavuni.

Ni mdogo: dume lina sentimita 43 begani na kilo 11 hivi. Jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Manyoya ni mafupi, na baridi ya Juni hapa Mbozi ingemtetemesha.

Balaa lilianzia ugenini. Mfugaji Bibi Burn aliwaonyesha mbwa hawa Uingereza mwaka 1937, na waliofuata walikuwa wachache, wakazalishana wenyewe kwa wenyewe. Ukajitokeza ugonjwa wa Fanconi: figo zinaachia sukari na madini kwenda na mkojo, mbwa anakunywa maji hovyo na kukonda. Ni rahisi kudhani ni kisukari, kumbe sukari ya damuni iko sawa.

Wafugaji wa Marekani walirudi kwa Wazande wa Kongo mwaka 1987 na 1988, wakachukua mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 klabu ya mbwa ya Marekani, AKC, ikafungua daftari la nasaba kuwapokea. Mbwa koko wakaenda kuokoa mbwa wa maonyesho! Kipimo cha vinasaba cha Fanconi, kilichotengenezwa na Chuo Kikuu cha Missouri, kilikamilika mwaka 2011. Ninachokisifu zaidi ni kwamba mbebaji wa kasoro hakulazimika kuondolewa kwenye uzazi. Akipandishwa na asiye nayo, hakuna mtoto atakayeugua, na damu haipungui tena.

Asiyepimwa vinasaba, akifikisha miaka mitatu, hukingiwa mkojo kila mwezi. Kikaratasi kinachovywa, na mwenye mbwa anasubiri kuona kama rangi itageuka.