Heko kwa Mafundi wa Oregon
Katika miaka ya 1990, kuunda mashine inayozungumza na mtu kulihitaji maabara yenye fedha. Programu ya kompyuta ya CSLU Toolkit, ya Oregon, Marekani, ikawapa watafiti na wanafunzi zana za kuunda mashine kama hiyo bila malipo. Uliburuta vijisanduku kwenye skrini, ukaviunganisha kwa mistari, na mazungumzo yakapata njia: mashine iulize nini, itarajie jibu gani, ifanye nini isipoelewa. (Hilo la mwisho hutushinda hata sisi binadamu.)

Pongezi zangu kubwa ni kwa Baldi, sura yenye upara iliyokuwa ndani ya programu hiyo, iliyotamka maneno huku midomo ikionekana waziwazi. Kule Portland, katika shule ya Tucker-Maxon, watoto viziwi walijifunza naye msamiati na matamshi, na walimu wao wakajitungia masomo kwa zana hiyohiyo.