Uzushi Uliopata Tunzo

Hadithi hutofautiana na uzushi kwa jambo moja tu, nalo ni ahadi. Mtunzi wa hadithi humwahidi msomaji mambo yawezayo kutokea. Mwandishi wa habari humwahidi mambo yaliyotokea. Maneno ya wawili hawa yaweza kufanana, na bado ya mmoja yakawa sanaa na ya mwingine yakawa udanganyifu. Basi habari haihakikiwi kwa uzuri wa lugha peke yake. Mfano wa jambo hili ni makala ya Janet Cooke iliyoitwa Jimmy's World, yaani Dunia ya Jimmy.

Makala hiyo ilitoka katika ukurasa wa kwanza wa gazeti la The Washington Post tarehe 28 Septemba 1980. Ilisimulia maisha ya mtoto wa miaka minane katika mji wa Washington, Marekani, aliyezoeshwa heroini na hawara wa mama yake tangu alipokuwa na miaka mitano. Msomaji alionyeshwa mkono mwembamba wenye alama za sindano. Akaambiwa kuwa somo alilolipenda mtoto huyo shuleni ni hesabu, kwa sababu hesabu humfaa mwuza dawa za kulevya, na kuziuza ndiko alikokutamani. Mji ulitaharuki. Meya Marion Barry aliamuru mtoto atafutwe, wala hakuonekana. Gazeti lilikataa kutaja jina na nyumba, likisema kwamba mwandishi aliahidi kuficha siri. Tarehe 13 Aprili 1981 makala ikapewa tunzo ya Pulitzer.

Uongo ule haukufichuliwa na maneno ya makala, bali na habari za elimu ya mwandishi. Wahariri wa The Blade, gazeti la mji wa Toledo alikofanya kazi zamani, waliona kuwa maelezo yaliyotangazwa pamoja na tunzo hayapatani na waliyoyajua. Ilitangazwa kwamba alihitimu kwa sifa kubwa katika chuo cha Vassar, na kwamba alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Toledo. Kumbe Vassar alikaa mwaka mmoja tu, na Toledo alipata shahada ya kwanza. Ilisemwa pia kuwa ajua lugha kadhaa. Mhariri mkuu Ben Bradlee alipomsemesha Kifaransa, alibabaika. Tarehe 15 Aprili alikiri kuwa Jimmy hakuwako, akajiuzulu, na tunzo ikarudishwa. Njia ya mwongo ni fupi. Lakini hii ilikuwa na urefu wa zaidi ya miezi sita.

Hapa pana fundisho chungu. Shahada za mwandishi zilihojiwa kwa siku mbili na ukweli ukajulikana. Mtoto hakuonwa na mhariri hata mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kama yuko, basi alikuwa akiuawa polepole, na waliomsadiki walipaswa kumtafutia tabibu kabla ya kumtafutia msomaji. Kama hayuko, waliuza upepo. Katika njia zote mbili lawama haikuwa ya mwandishi peke yake.

Je, makala yenyewe haikuwa na dalili? Ilikuwa nayo. Kila mtu ndani yake husema lile tu ambalo hoja ya mwandishi yalihitaji; hata hesabu za shuleni zinageuka kuwa ushahidi. Mambo ya kweli huwa na vifundo: mtu hujipinga, husahau, husema lisilohusu. Lakini ni rahisi kuwa mjuzi baada ya siri kufichuka, na sikio peke yake si mizani ya kutosha. Mizani ni swali: yametoka wapi?

Swali hilo hilo ndilo dawa ya wizi wa maandishi, nduguye uzushi. Mzushi hutaja asili isiyokuwako. Mwizi huificha asili iliyoko. Jayson Blair wa The New York Times, aliyejiuzulu tarehe 1 Mei 2003, aliyatenda yote mawili. Gazeti lake lilikagua habari 73 alizoziandika tangu Oktoba 2002, likaona kasoro katika 36 angalau: nyingine amenakili kazi za wengine, nyingine amejifanya yuko mahali ambapo hakufika. Cha kuazima hakisitiri maungo.

Elimu nayo haina kinga. Mwanafunzi anayenakili sura nzima akaiwekea jina lake, na yule anayebuni majibu ya watu asiowahoji, wanafanya kazi ile ile ya Cooke na Blair, ila hawana wasomaji wengi. Wataalamu wa hadithi za Mtume walilijua jambo hili zamani. Hawakuridhika na uzuri wa neno, bali waliuliza nani kalipokea kwa nani, na msimulizi asiyeaminika akaiangusha riwaya yote. Mwalimu anayetunza insha kwa ufasaha wake bila kuuliza asili yake amelitupa swali hilo, naye amekaa mahali pale pale walipokaa waliompa tunzo mtoto asiyekuwako.