Bonde la Spiti kwa Gari: Mwinuko, Maji na Saa Vinavyoamua Njia

Bonde la Spiti liko kaskazini mwa India, katika jimbo la Himachal Pradesh, nyuma ya safu za Himalaya zinazozuia mawingu ya mvua za monsuni, hivyo kwamba miteremko ya kusini inapolowa kati ya Juni na Septemba, bonde lenyewe hubaki kavu na vijiji vyake hutegemea maji ya theluji kumwagilia shayiri na njegere. Barabara kuu za kuingilia ni mbili: moja hutoka Shimla na kupanda taratibu kando ya mto Satluj kupitia wilaya ya Kinnaur, na nyingine hutoka Manali na kuvuka pito la Kunzum, yaani sehemu ya safu ya milima iliyo chini kidogo kuliko vilele vinavyoizunguka na kwa hiyo inapitika. Msafiri anayetaka kulizunguka bonde zima huingia kwa njia moja na kutokea nyingine, na katika safari hiyo ya siku nyingi uamuzi wenye uzito kuliko hata uchaguzi wa gari ni ule wa wapi pa kuanzia.

Sababu ya kwanza ni hewa. Katika mwinuko wa mita 4,500 kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hukandamizia vitu, hupungua hadi asilimia 57 hivi ya ile ya usawa wa bahari, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa kiasi hicho hicho. Mwili huzoea hali hiyo, lakini huhitaji siku kadhaa, na anayeuharakisha hupatwa na ugonjwa wa mwinuko, ambao huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, na ukipuuzwa unaweza kujaza maji mapafuni au kuvimbisha ubongo na kuua. Kwa sababu hiyo madaktari wa milimani hushauri kwamba, ukishapita mita 3,000, mwinuko wa mahali pa kulala usiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Kinachohesabiwa hapa ni mahali pa kulala, kwa kuwa mtu anaweza kupanda juu mchana na kushuka jioni bila madhara makubwa.

Kipimo hicho kikiwekwa juu ya ramani, tofauti ya njia hizo mbili huonekana mara moja. Shimla iko mita 2,200 hivi, Sangla 2,700, Kalpa karibu 2,950, Tabo 3,300 na Kaza, mji mkuu wa bonde, takriban 3,700, hivyo kwamba kila usiku huwa ngazi ndogo juu ya usiku uliotangulia. Nako peke yake, kijiji chenye ziwa kilicho juu ya mita 3,600, huvunja utaratibu huo kwa anayetoka Kalpa, na ndiyo maana waangalifu hula chakula cha mchana hapo kisha hushuka kulala Tabo. Wakishafika Kaza huvipanda vijiji vya Kibber, Langza na Komic, vilivyo juu ya mita 4,200, na kurudi kulala mjini. Anayetoka Manali, iliyo mita 2,000 na kidogo, hulazimika kuvuka Kunzum, juu ya mita 4,500, na kwa kawaida hulala Kaza siku hiyo hiyo, akiwa ameruka takriban mita 1,700 kwa usiku mmoja. Handaki la Atal, lenye urefu wa kilomita 9.02 na lililofunguliwa Oktoba 2020, limemwondolea msafiri huyo mzunguko wa pito la Rohtang, lakini Kunzum lipo palepale.

Sababu ya pili ni maji, nayo inataka hesabu ya saa. Kati ya Batal na Gramphu, upande wa Manali, vijito vinavyotoka kwenye barafuto, yaani mito ya barafu inayoteremka polepole kutoka vileleni, hukatiza juu ya barabara mahali pasipo na daraja. Jua huyeyusha barafu tangu asubuhi na maji hufika barabarani yakiwa yamejaa wakati wa alasiri, kisha baridi ya usiku huyapunguza tena, hivyo kijito kinachopitika kirahisi alfajiri kinaweza kulishinda gari saa tisa mchana. Dereva mzoefu husimama kabla ya maji na kushuka kuyatazama, akitafuta mahali yanapotandaa kwa upana, kwa kuwa maji mapana huwa na kina kidogo kuliko yaliyobanwa. Kisha huingia kwa gia ya kwanza bila kubadilisha gia wala kuachia mafuta katikati, na akishatoka hukanyaga breki kidogo kidogo ili zikauke.

Hapa njia ya Shimla huonekana kuwa na kasoro, kwa sababu anayetoka Kaza husafiri saa kadhaa hadi Kunzum na huweza kuvifikia vijito hivyo jua likiwa limekwisha panda. Dawa yake ni kulala kwenye kambi zilizo karibu na ziwa Chandratal, juu ya mita 4,200, na kuondoka alfajiri. Mahali hapo ni hatari kwa aliyetoka Manali siku hiyo hiyo, lakini mwili uliokwisha kukaa siku kadhaa Tabo na Kaza hupamudu, na kwa namna hiyo mpangilio uliotibu tatizo la hewa huwa umefungua pia mlango wa kutatua tatizo la maji.

Gari huja baada ya hayo. Injini isiyo na tabochaja, yaani kifaa cha kusukumizia hewa ndani ya silinda, hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, hivyo Kunzum hupandwa kwa nguvu pungufu na kwa gia za chini, na mafuta huliwa zaidi. Kati ya kituo cha mafuta cha Powari, chini ya mji wa Reckong Peo, na kile cha Kaza kuna takriban kilomita 200, na kutoka Kaza hadi Manali ni umbali unaokaribia huo, kwa hiyo tangi hujazwa katika kila kituo na dumu la akiba hubebwa. Katika kushuka, gia ya kwanza au ya pili huachwa ilizuie gari, kwani breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika.

Barabara ya Kinnaur, ambayo mahali pengine imechongwa ubavuni mwa jabali hadi mwamba ukawa paa juu ya magari, huzibwa mara kwa mara na maporomoko ya ardhi msimu wa mvua, na kwa hiyo ratiba huhitaji siku moja au mbili zisizo na kazi. Siku hizo si hasara, kwa kuwa ndizo pia za mwili kupumzika, na ndizo zinazompa msafiri nafasi ya kukaa Tabo na kuitazama kwa utulivu michoro ya ukutani katika monasteri ya udongo iliyoanzishwa mwaka 996.

Kwa hiyo anayepanga safari ya namna hii, Spiti au katika bonde lolote la milima mirefu, anapaswa kuandika kwanza mwinuko wa kila mahali pa kulala, kisha saa ya kuvuka kila kijito, kisha umbali kati ya vituo vya mafuta, na mwisho kabisa kuchagua gari. Akianza na gari, makosa ya hatua tatu za mwanzo hayatarekebishwa na injini yoyote, hata iwe na nguvu kiasi gani.